Wazima?

Kerubo aliniachia chembe katika chupa ya jemu,
vijiko viwili, nyeupe, zimekunjamana kama koliflawa,
usiku wa kuamkia safari yake ya Doha.
"Usizihurumie," alisema, "zinunulie maziwa.
Mazuri. Kila siku. Usiyoweza kuyanywa mwenyewe
bila wasiwasi, usizipe."
Teksi ikapiga honi langoni, pale Kahawa West,
nikabaki na chupa kifuani
kama mtu aliyeachiwa mtoto
asiambiwe hulala saa ngapi.

Mama alicheka kwenye simu kutoka Kapsabet.
"Sisi tuna kibuyu, tuna mkaa wa mti tunaoujua kwa jina.
Wewe unafuga nini humo chupani?"
Kefiri, Mama.
Akanyamaza kidogo. "Inakula nini?"
Maziwa.
"Basi ni wa kwetu."

Miezi miwili tulikwenda vizuri.
Asubuhi chujio la plastiki, bakuli la udongo,
mtindi ukidondoka mzito,
harufu ya chachu na ya ndizi inayoanza kuiva;
chembe nazirudisha, nazimiminia maziwa mapya,
nafunika kwa kitambaa, nalizuia jua kwa gazeti la juzi.
Zikazaa. Vijiko viwili vikawa vitatu.

Halafu mwezi ukawa na tarehe nyingi kuliko mshahara.
Nikapata maziwa ya bei rahisi kwa Mbaabu,
nyuma ya kituo cha mafuta,
yanapimwa kwa kikombe kutoka mtungi wa buluu.
Siku ya kwanza hayakuganda.
Ya pili hayakuganda.
Nikasema ni baridi; Julai ya Nairobi
huchelewesha hata binadamu kitandani.
Siku ya tatu yalikuwa bado matamu,
meupe, yametulia kama shahidi aliyelipwa,
na chembe chini yake zimegeuka njano,
za utelezi, zinaponyoka vidoleni.

Usiku huo Kerubo akapiga.
"Wazima?"
Hakusema nzima, kama mtu anayeulizia vitu.
Alisema wazima.
Nikajibu: "Wazima kabisa."

Uongo nao hulishwa kila siku.

Nilimpelekea Mbaabu kikombe cha maziwa yake.
"Onja. Ya siku tatu."
Akaonja. "Mazuri. Hayajaharibika."
"Ndilo kosa lake. Maziwa ya kweli huharibika, Mbaabu."
Akatazama viatu vyake. Akasema huletwa usiku,
yeye hatii dawa, yeye huuza kinachofika.
Nilikuwa nimejiandaa kugomba.
Maneno yakanikwama, maana na mimi
nilikuwa nimepitisha kilichofika mdomoni.

Jumamosi nikapanda hadi Wangige, kwa Bi Gathoni,
ng'ombe wawili, mmoja chongo,
majani ya nepia yamekatwa asubuhi ile, bado yana umande.
"Chemsha," aliniagiza, "kisha poza
mpaka kidole kisilalamike."
Nikalipa karibu mara mbili ya bei ya Mbaabu,
nikafuta sukari kwenye orodha ya wiki.

Nikazitupa zilizooza.
Zilizobaki hazikujaza vizibo viwili vya soda.
Nikazipa robo kikombe tu;
mgonjwa hapakuliwi sahani ya harusi.
Kesho yake, kimya.
Keshokutwa maziwa yakakatika vibaya,
nikayamwagia nyanya za kwenye debe.
Mtondo, yaleyale. Nyanya zikanona.
Siku ya tano niliinamisha chupa
na maziwa hayakukimbia.
Yalijivuta.

Leo nimefunga kifuniko makusudi tangu alfajiri.
Kerubo akipiga, akiuliza, sitajibu upesi.
Nitasogeza simu kwenye mdomo wa chupa,
nitalegeza kifuniko polepole
asikie pumzi ikitoka, ile tss fupi,
ndipo nimweleze
habari ya mtungi wa buluu.